Mahari Ingine

Tone la kwanza lilianguka juu ya boneti saa nane na nusu mchana, jekundu, dogo kama punje ya ulezi. Osundwa alilitazama, akainua macho, na kabla hajafungua kinywa matone mengine yakawa yamelifuata.

“Fundi!” aliita. “Wewe fundi! Simamisha hiyo mashine!”

Fundi alikuwa juu ya paa la jirani, amejifunga kitambaa puani, mkononi ameshika bomba la kupulizia rangi. Mashine ya upepo ilinguruma chini ya dirisha la jikoni na hakuna mtu aliyesikia kitu. Kila alipopuliza, nusu ya rangi ilikaa kwenye mabati ya Cleophas na nusu nyingine ikavuka ua wa michongoma, ikaenda ilikotaka. Ilitaka gari la Osundwa.

Lilikuwa Probox jeupe, na siku hiyo kuliko siku zote lilipaswa kuwa jeupe. Tangu alfajiri alikuwa ameliosha mara mbili. Osundwa alikuwa na utaratibu wake: unaanzia juu, unashuka kwenye vioo, kisha milango, unamalizia na magurudumu, na kitambaa kilichogusa chini hakirudi juu. Kwa miaka sita alikuwa amebeba kina mama waliojifungua, maharusi, magunia ya mahindi, na mara mbili jeneza la mtoto, na hakuna abiria aliyewahi kushuka na vumbi kwenye nguo. Hiyo ndiyo sifa aliyokuwa nayo Kakamega. Nyingine hakuwa nayo.

Saa kumi mnunuzi angefika. Mama mmoja wa Lumakanda, Jepkorir, mfanyabiashara wa mahindi, alikuwa ameona picha kwenye simu, akasema akilikuta gari liko kama kwenye picha ataondoka nalo leo leo. Osundwa hakuwa analiuza kwa kulichoka. Gari lile lilikuwa ng'ombe. Nekesa, binti yake wa pekee, alipoolewa kule Malinya, Osundwa aliuza ng'ombe wote wa mahari akanunua Probox, na watu wakamtania kwamba sasa anamwendesha binti yake barabarani. Alicheka nao, maana siku hizo ilikuwa inachekesha. Kisha mkwe wake, Sammy, aliyechimba dhahabu, akaanza kumalizia hasira ya mashimo matupu kwenye mwili wa Nekesa. Mwezi uliopita Nekesa alirudi nyumbani akiwa na jino moja pungufu na mkono umening'inizwa kwenye leso. Baba yake alilia mbele za watu, mwanaume mzima. Halafu wakwe wakatuma neno fupi: Jumapili tunakuja. Ama ng'ombe wetu, ama mke wetu.

Leo ilikuwa Ijumaa. Kesho kulikuwa na mnada wa ng'ombe. Gari likiuzwa leo, Jumapili wakwe wangeswaga ng'ombe wao na Nekesa angebaki.

Utauliza kwa nini asilisogeze gari. Njia ya kutokea ilikuwa moja tu, na tangu Jumatatu Cleophas alikuwa amemwagiwa lori zima la mchanga katikati yake, akiahidi kila siku kwamba utaondolewa kesho. Leo alikuwa ameapa utaondolewa kabla ya saa tisa. Hakuwa mtu mbaya, Cleophas. Alikuwa karani mstaafu mwenye paa lililovuja, na mvua ya Kakamega haiombi ruhusa. Ikifika saa tisa, saa kumi, inashuka. Alitaka rangi ikauke kabla haijanyesha.

Asubuhi walikuwa wameshakwaruzana kidogo. Fundi alipokuja kusugua kutu kwa brashi ya waya, aliegemeza ngazi yake kwenye mlango wa Probox, na Osundwa akamkemea: “Toa ngazi hapo! Hapa ni mahari ya gari, si ya ngazi.” Cleophas, upande wa pili wa ua, alicheka akasema, “Pore, jirani, pore sana,” na ngazi ikahamishwa. Ndivyo wasemavyo watu wengi wa pale. L na R kwao ni ndugu wa nyumba moja, aliye karibu na mlango ndiye anayefungua. Nani aliwahi kugombana kwa sababu hiyo?

Osundwa alipita kwenye pengo la ua.

“Cleophas! Langi yako inaangukia gari!”

“Nini?”

“Langi! Gari!”

Cleophas alikuwa ameshikilia ngazi kwa mikono miwili. Alitazama wingu jeusi lililokuwa limesimama upande wa Shinyalu. “Nusu saa tu, Baba Nekesa! Si unaona mvua inakuja?”

“Sina nusu saa! Mnunuzi anakuja! Na huo mchanga wako uko pale pale!”

“Nikisimamisha sasa paa yote itaoshwa! Funika na turubai!”

“Nifunike nini, na imeshajaa mpaka kwa vioo?”

Tangu asubuhi Cleophas alikuwa anafokewa, na yeye pia ana moyo kama mtu yeyote. Aliachia ngazi, akapunga mkono kuelekea barabarani, akapaza sauti ipite juu ya ngurumo ya mashine: “Basi kama gari inakuuma hivyo, si utafute mahari ingine!”

Osundwa alisikia neno moja. Mahari. Tafuta mahari ingine. Alisikia mtaa mzima ukisema kile ambacho kwa mwezi mzima alikuwa anaogopa kwamba unakisema akishapita: huyu alikula ng'ombe wa binti yake, na wakiisha atamwoza tena. Aliona aibu, aibu ya kuvuliwa nguo sokoni. Haikukaa. Iligeuka moto papo hapo.

Brashi ya waya ilikuwa chini, karibu na mguu wa ngazi. Hakukumbuka kuiokota. Pigo la kwanza lilichana shavu la Cleophas kutoka sikioni mpaka kwenye mdomo, na yule mzee, ambaye maisha yake yote kazi yake ilikuwa kugonga mihuri, alishika uso kwa mshangao tu, kana kwamba amepigwa na mlango. Pigo la pili lilipata vidole.

“Rudia!” Osundwa alipiga kelele. “Rudia ulichosema!”

Cleophas angerudia vipi na mdomo umejaa damu? Alimsukuma Osundwa kifuani, akaokota kipande cha ubao akampiga nacho ubavuni, mara moja, kwa nguvu zote za mtu mwoga. Kitu kililia ndani ya mbavu. Maumivu yale Osundwa aliyapokea karibu kwa shukrani. Sasa ilikuwa vita, sasa hakuhitaji kufikiri. Alimkamata Cleophas kwenye kola ya shati akamburuta kupitia pengo la ua, miiba ikiwachana wote wawili.

“Njoo uone! Njoo uone ulichofanya!”

Mara ya kwanza alimwinamisha juu ya boneti ili ayaone matone. Mara ya pili hakuwa anamwonyesha kitu. Mara ya tatu bati lilibonyea, na sauti yake ilisikika hata juu ya mashine. Aliendelea. Alimpiga kwa ngumi kwenye jicho, akampiga tena pale pale, kisha Cleophas alipoteleza hadi chini akamfuata kwa mguu, tumboni, mgongoni, akihema, akitaja majina ambayo hayakuwa ya Cleophas. Alitaja la Sammy. Alilitaja mara nyingi.

Fundi alishuka ngazini akiruka vidato, akamrukia mgongoni. Vijana wawili wa bodaboda waliacha pikipiki zao kando ya mchanga wakaja kumshika mikono. Pascalia, mke wa Cleophas, alitoka jikoni akipiga mayowe, akaizima mashine. Ndipo kila mtu aliposikia jinsi Osundwa alivyokuwa anapumua.

Nekesa alikuwa amesimama mlangoni kwa baba yake. Yeye hakupiga mayowe. Alikuwa amebandika mgongo ukutani, mkono wake mzima umefunika mdomo pale palipotoka jino, na hakuthubutu kusogea. Kule Malinya alikuwa amejifunza kwamba ukipiga mayowe unaongezewa.

Walimwinua Cleophas wakamketisha katikati ya pikipiki, dereva mbele, fundi nyuma akimshikilia. Jicho lake moja lilikuwa limefumba kabisa. Alijaribu kusema kitu akimwelekea Osundwa, kikatoka povu jekundu. Pascalia alijifunga leso kiunoni apande pikipiki ya pili, lakini kabla ya kupanda alirudi hatua tatu.

“Mimi ndiye nilimkanda mtoto wako na maji ya chumvi, kwa mikono hii,” alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. “Ukakaa kwangu ukalia. Ukasema mwanaume anayepiga mtu mpaka ashindwe kusimama si mtu, ni mnyama. Nilikupea chai. Sasa nikuite nani, Baba Nekesa?”

Aligeuka akapanda pikipiki. Osundwa aliketi kwenye ngazi ya mlango wake, mbavu zikimchoma, akatazama mikono yake. Alijua polisi wangekuja. Hilo halikumtisha sana kama swali la yule mama.

Jepkorir alifika saa kumi kasoro robo, amekunja mwavuli kwapani. Alishuka pikipiki, akauzunguka mchanga, akaja taratibu mpaka kwenye Probox. Aliinama. Alitazama boneti kwa muda mrefu.

“Hiyo ni rangi ama ni damu?”

“Ni langi, mama,” Osundwa alisimama haraka, akashika ubavu. “Inatoka. Nitaosha sasa hivi. Injini haina shida yoyote, sikiliza tu nikiwasha.”

Mama yule alipitisha kiganja juu ya lile bonde kwenye bati, likakienea vizuri, pana kama paji la uso. Kisha akatazama ngumi za Osundwa zilizochubuka.

“Nimeuliza kwa Osundwa ni wapi,” alisema, “mtoto akaniambia, nenda pale walipigana. Mzee, mimi natafuta gari ya kubeba mahindi. Kesi sitafuti.”

Aliondoka kama alivyokuja, bila haraka na bila tusi. Mnada wa kesho uliondoka naye.

Osundwa hakujua alikaa pale kwa muda gani. Alipoinua kichwa Nekesa alikuwa nje na ndoo ya maji. Alikuwa anaosha gari. Alianzia juu, kama alivyofundishwa, akashuka kwenye vioo. Alitumia mkono mmoja, ule mwingine bado haukuwa na nguvu.

“Ni rangi ya maji, Baba,” alisema bila kugeuka. “Inatoka tu, hata sabuni haihitaji.”

Kweli ilikuwa inatoka. Weupe ulikuwa unarudi nyuma ya kitambaa, safi, hatua kwa hatua, mpaka pale kwenye bonde. Hapo kitambaa kilizama kidogo, kikapanda tena.

“Ulisikia alichoniambia,” Osundwa alisema. “Eti nitafute mahari ingine. Eti nikuuze tena.”

Kitambaa kilisimama.

“Alisema mahali.”

“Alisema mahari! Nimesikia na masikio yangu.”

“Baba.” Nekesa alisema polepole, kama mtu anayeshika chombo cha moto. “Kila siku unaniambianga, Nekesa, rudisha kiti mahari yake. Asubuhi umemwambia fundi hapa ni mahari ya gari. Na hakuna mtu amekupiga.”

Mvua ilianza, matone makubwa, machache. Paa la Cleophas lilikuwa limepakwa nusu tu, na rangi ilianza kuachia mabati, ikashuka kwenye migongo yake kwa mistari, ikadondoka kwenye mchanga. Hakukuwa na mtu wa kuitazama.

Osundwa alisimama. Alitaka kusema samahani na hakujua amwambie nani kwanza. Alikumbuka Jumapili, akaona jinsi wakwe watakavyoshuka pale nje, watazame boneti, wamtazame yeye, na jinsi ambavyo hatakuwa na neno la kumwambia Sammy. Alimsogelea binti yake kwa nyuma.

“Lete,” alisema, “nikusaidie.” Na akanyoosha mkono kuchukua kitambaa.

Nekesa alifumba macho, akainua kiwiko, akafunika uso.

Mkono wa Osundwa ulibaki hewani. Kitambaa kilikuwa kimeanguka kwenye kokoto kati yao, na mvua ilikuwa inakikamua polepole, maji mekundu yakitafuta njia kwenda barabarani.