Beseni la Shukrani

Siku padri alipoita wanawake wajawazito waje mbele wabarikiwe, Louise alikuwa ameketi benchi la tatu akitafuta kitambaa cha kumpangusa mwanawe Dodo makamasi. Hakuwa na mimba. Dodo alikuwa kitinda mimba wake, na alikwisha kumwambia mumewe Ruffin kwamba watatu wanatosha. Lakini Princesse, mwenyekiti wa akina mama wa parokia yetu ya Manika, mtu mwenye huruma nyingi na subira kidogo, alimshika mkono akamvuta.

"Mama Louise, usifiche zawadi ya Mungu. Simama!"

Mwingine angecheka na kusema kwamba hii ni ngozi tu na mafuta, vilivyoachwa na watoto. Louise alisimama. Alitembea hadi mbele akainamisha kichwa, padri akambariki, na kanisa zima likapiga vigelegele kwa tumbo lisilo na kitu. Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Ningekuwa mimi, ningefungua mdomo palepale. Lakini ni rahisi kusema hivyo ukiwa na tumbo ambalo hakuna aliyelipigia vigelegele.

Mambo hayakuishia hapo. Miezi ilipita, mtoto hakuonekana, na akina mama wakaanza kumpa pole sokoni kwa sauti ya chini, wakidhani mimba imeharibika. Mmoja alimletea hata kuku. Louise alipokea pole, akapokea na kuku.

Baada ya kuku yule, alimwambia Ruffin kwamba hawezi tena. Ruffin anafanya kazi Kingamyambo, kule wanakoosha upya mchanga wa zamani wa shaba, na ni mtu wa maneno machache. Alimwambia kwamba yeye binafsi hana ugomvi na tumbo hilo. Alipoona mkewe analia, alikubali. Walikwenda Lubumbashi kwa daktari anayepunguza ngozi ya tumbo na kushona misuli iliyoachana wakati wa uzazi. Hilo si kosa. Mwili ni wake, na uchungu ulikuwa wake. Kosa ni kwamba waliporudi, Princesse alipouliza wamempasua nini, Louise alijibu kabla hajafikiri: "Hernie."

Hernie, yaani ngiri. Ugonjwa wa heshima. Nani atamcheka mtu wa ngiri? Parokia nzima ilimwombea. Ruffin alisikia, akaangalia viatu vyake.

Sasa kazi ikawa kurudi kwenye mwili wake. Louise alikuwa mchezaji wetu wa mbele katika maandamano ya matoleo. Ngoma ikilia, hata wazee walinyoosha shingo kumwona. Lakini Shekina, kine aliyekuja nyumbani kumfundisha mazoezi, hakutaka kusikia habari za ngoma.

"Kwanza unatembea," alimwambia. "Toka mulango ya kiwanja mpaka ku tanki ya maji, unarudia, unapumzika. Usibebe mutoto, usibebe beseni, usiruke. Abdominaux, ile mazoezi ya tumbo, usiguse mpaka daktari aseme. Na ile gaine usiitoe."

Gaine ni mkanda mpana uliombana toka chini ya matiti mpaka kwenye nyonga. Louise alitembea nao ameinama mbele, maana ngozi ilikuwa bado inavuta, akipiga hatua ndogondogo, na majirani waliochungulia juu ya ukuta walisema ngiri hiyo ilikuwa kubwa kweli. Mara moja tu alikaidi. Redio ya jirani ilipiga wimbo anaoupenda, akazungusha kiuno kidogo, kidogo tu, na jioni tumbo likavimba. Alimpigia Shekina simu akilia.

"Mi nilikuambia nini?" Shekina alifoka. "Ukivimba, ni kusema ulizidisha. Lala, na kesho utembee nusu ya leo. Mwili haina mbio."

Kesho yake, akiwa katikati ya safari yake ya kwenda kwenye tanki, pikipiki ilisimama mlangoni na mama mkwe wake akashuka.

Mama Godelieve alikuwa ametoka Musumba, siku nyingi njiani, juu ya mizigo ya lori na nyuma ya pikipiki, na vumbi jekundu lilikuwa limejaa mpaka kwenye nyusi. Ruffin alikuwa ametuma ujumbe kule kuhusu operesheni, kwa hiyo hakushangaa. Louise alitamani ardhi immeze. Princesse, ambaye siku hiyo alikuwa ameleta uji, ndiye aliyemweleza mgeni.

"Ni hernie, mama. Bamemupasua Lubumbashi. Mungu alisaidia."

Mama Godelieve alisimama, mkono ukiwa juu ya fundo la kitenge chake. Alimtazama Louise alivyoinama.

"Hernie," alisema. "Na sasa umepona?"

"Napona, mama."

"Aksanti Mungu. Pole, mutoto wangu. Pole sana."

Akaweka mzigo wake chini, akamchukua Dodo akamfunga mgongoni, na tangu saa hiyo kazi zote za nyumba zikawa zake. Alichota maji, akasonga bukari, yaani ugali, akafua. Siku ya Ijumaa hakula, alifunga kwa ajili ya mkwe wake. Na kila asubuhi alimshika Louise mkono wakatembea pamoja toka mlangoni hadi kwenye tanki, akimwambia pole kila walipogeuka. Louise aliketi kwenye kiti cha plastiki na kumwangalia mwanamke wa umri ule akibeba ndoo, na aibu ikamkaa kifuani kama bukari isiyoiva. Mara mbili alifungua mdomo amwambie ukweli, na mara mbili akaomba chai.

Alianza kuona vitu. Akiinua ndoo, Mama Godelieve alisita kwanza, akakaza kitenge, akaminya midomo. Njiani kwenda kwenye tanki alisimama mara nyingine na kushika tumbo, akisema anamsubiri mgonjwa.

"Mama, unaumwa?"

"Uzee. Twende."

Louise alinyooka siku kwa siku. Basi Princesse akaja na habari yake.

"Siku ya Mungu inayokuya tunafanya action de grâce yako! Beseni ya bunga, mafuta, sukari, yote iko tayari. Utaibeba ku kichwa na utacheza mpaka ku altare, bantu baone namna Mungu alikuponyesha."

Kwetu shukrani haitembei, inacheza. Aliyepona asipocheza, watu wanasema bado hajapona, na maombi yanaanza upya. Louise alisema daktari bado hajamruhusu kubeba wala kuruka. Princesse alicheka, akamwuliza kama daktari ni mkubwa kuliko Mungu. Kabla Louise hajajibu, Mama Godelieve aliinua mkono.

"Achia mi. Nitabeba, nitacheza kwa mahali yake. Mi njo niliomba, na Mungu alinijibia."

Jumapili asubuhi walikuwa wanavaa chumbani, kila mmoja amempa mwenzake mgongo, kama inavyopasa kati ya mke na mama mkwe wake. Lakini kioo cha kabati hakijui adabu. Mama Godelieve alipofungua kitenge akifunge upya, Louise aliona kivimbe kitovuni, kikubwa kama limau, na kitambaa kilichokazwa juu yake kwa fundo.

"Mama! Iyo ni nini?"

Bibi kizee alifunika haraka. Aliona haya, mtu mzima yule, kama msichana.

"Ni hernie. Kama ile yako."

"Tangu siku ngapi?"

"Tangu mvua ya mwaka jana. Inatoka, naisukuma, inarudia."

"Basi usibebe beseni. Ni hatari, mama, inaweza kujikaza kule inje, ikatae kurudia. Unaweza kufa."

Mama Godelieve alitabasamu. "Wewe ulikuwa nayo, na leo unatembea muzuri. Ugonjwa ni moja, Mungu ni mumoja. Mi nikimuchezea, atashindwa namna gani kufunga na yangu?"

Louise alikuwa na jibu. Lilikuwa fupi, na lilikuwa ulimini. Nje Ruffin alipiga honi, na Mama Godelieve akatoka akiimba.

Njia nzima Louise alijidanganya kwamba kitatokea kitu. Labda Princesse atabeba beseni mwenyewe. Labda mvua. Ruffin alimwuliza mbona amejifunika kitenge mpaka shingoni, akasema ni baridi, na jua lilikuwa linachoma vioo vya gari.

Kanisani ngoma zilianza. Akina mama walijipanga mistari miwili mlangoni na vitenge vyao vya sare, na mbele kabisa akasimama Mama Godelieve, miguu peku. Beseni lilikuwa chini, limejaa mpaka juu. Louise alikuwa benchi la tatu, lilelile. Alimwona mama mkwe wake akichuchumaa, akishika ukingo wa beseni kwa mikono miwili, akikaza midomo.

Alitoka kwenye benchi. Alitaka kukimbia, na kukimbia alikuwa amekatazwa. Kwa hiyo alitembea, hatua ndogondogo za kwenda kwenye tanki, mkono juu ya tumbo, huku kanisa lote likigeuka na kupiga makofi, maana walidhani mgonjwa amepata nguvu na anakuja kucheza. Alipofika, beseni lilikuwa limefika magotini. Akamshika mama mkwe wake mkono, akainamia sikio lake.

"Mama, acha. Yangu haikukuwa hernie."

"Unasema?" Ngoma zilikuwa kubwa.

"Yangu haikukuwa hernie!" alipaza sauti, na akajua mabenchi ya karibu yanasikia, na hakuweza tena kurudi nyuma. "Mungu hakuniponyesha kitu, mama. Sikukuwa mugonjwa. Nilikatisha ngozi ya tumbo juu ya kupendeza. Nilidanganya bantu bote. Beba tu ukufe, na itakuwa mi njo nimekuua!"

Princesse alisikia. Mpiga ngoma wa kwanza alisikia pia, na nilisikia mimi. Sitasema tulimhurumia. Tulimtazama tumbo, wote, kama tulivyolitazama siku ile ya baraka, na mama aliyetoa kuku alisonya.

Mama Godelieve alishusha beseni polepole. Alikaa kwenye ngazi ya mlango kwa muda, akihema, mikono juu ya fundo la kitenge. Hakumtazama Louise. Kisha akanyoosha mkono asaidiwe kusimama, wakarudi wote wawili bila kucheza mpaka benchi la tatu. Beseni lilibebwa na Princesse, na sikuwahi kuona shukrani baridi kama ile.

Jumatatu Ruffin na Louise walimpeleka hospitali. Daktari alibonyeza kile kivimbe, akakunja uso, akasema kesho asubuhi anapasuliwa, haingoji.

"Mama, mbona ulikawia vile?"

"Sikukawia, tata dokta," alisema Mama Godelieve. "Nilitoka Musumba juu ya hii. Nilifika, nikakuta bibi ya mutoto wangu naye amepasuliwa ileile. Nikaamba, bagonjwa babili mu nyumba moja, Ruffin atatuweza? Apone kwanza yeye."

Ruffin akageuka. "Mama, na ujumbe yangu?"

"Ujumbe gani? Mi sikupata ujumbe."

Louise alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa nguo za mgonjwa. Alikumbuka ndoo zote alizoziangalia zikipita mbele ya kiti chake cha plastiki. Alikumbuka Dodo mgongoni, na kile kitambaa cha kumbebea kilichofungwa juu ya kivimbe. Alitoka nje ya chumba, akalia huku ameshika ukuta wa hospitali, na hakuna aliyemfuata.

Operesheni ilikwenda vizuri. Mama Godelieve aliporudi nyumbani, Louise alikuwa ameruhusiwa kubeba vitu vyepesi na kutembea mbali kidogo, lakini hakwenda mbali. Alimwosha mama mkwe wake, akampikia uji, na asubuhi akamshika mkono wakatoka mlangoni, wakielekea kwenye tanki. Alimwambia yale ya Shekina: asibebe kitu, asiharakishe, akivimba jioni ajue amezidisha. Mama Godelieve alifuata kila kitu. Tangu kanisani alikuwa hajamwambia Louise zaidi ya ndiyo na hapana, na Louise hakuthubutu kudai zaidi.

Katikati ya njia bibi kizee alisimama ameinama, akasubiri maumivu yapite.

"Na wewe," aliuliza bila kuinua kichwa, "iliuma hivi?"

"Ndiyo, mama."

"Balikukata wapi?"

Louise alionyesha kwa kidole juu ya nguo, toka nyonga moja hadi nyonga nyingine. Mama Godelieve alitazama kidole kile kikisafiri, kirefu kuliko alivyotarajia. Jirani mmoja alikuwa anachungulia juu ya ukuta.

"Pole, mutoto wangu," alisema Mama Godelieve.

Louise alikuwa amepewa pole nyingi mwaka ule, za mimba isiyokuwepo na za ngiri isiyokuwepo, na zote alizimeza na kusema aksanti. Safari hii alimshika mama mkwe wake vizuri chini ya kiwiko, wakaendelea polepole mpaka kwenye tanki.