Majoho Themanini na Sita

Majoho mapya ya kwaya yalipofika Hasamba kutoka kwa fundi Makame wa Chapwa, katibu wa kwaya, mwalimu Ketrina, alijua watayagawa kabla chai haijapoa. Kila joho lilikuwa na namba kwenye ukosi, na kila mwanakwaya aliijua namba yake ya daftarini.

Uhakika huo ulimtoka alipomwona Osea. Osea huinama kupita mlango wa kanisa, na joho lilimwishia magotini. Kando yake bi Alinanuswe, mfupi, aliburuza lake sakafuni. Yesaya, namba moja, hakupata kitu, na kwenye furushi likabaki joho namba themanini na saba. Kwaya ina watu themanini na sita.

"Huyu fundi kachanganya," akasema Osea.

Ketrina akampigia fundi simu, akaweka spika.

"Nimeshona kama ulivyoandika, mwalimu," Makame akajibu taratibu. "Ila namba moja wako nilimruka. Jina lake Jina, kifua chake Kifua, urefu wake Urefu. Nikajua mnanitania."

Masikio ya Ketrina yakapata moto. Vipimo alikuwa ameviandika kwenye faili, kila mtu na mstari wake, jina na vipimo vimetenganishwa kwa mkato. Badala ya kuhesabu kwa mkono, alifungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaiambia kompyuta kwa amri moja ya awk, programu ya kupanga mistari ya faili, iweke namba mbele ya kila mstari na kunyoosha safu. Safu zilinyooka hata akajisifu, akamtumia fundi orodha. Lakini mstari wa kwanza ulikuwa wa vichwa vya safu, Jina, Kifua, Urefu, na kompyuta ikauhesabu kama mtu. Waliofuata wote wakasogea namba moja mbele.

"Nisamehe, fundi. Kosa ni langu."

Akawageukia wenzake. "Kila mtu ampe joho aliyemtangulia daftarini. Wa pili ampe Yesaya, wa tatu ampe wa pili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Wa mwisho achukue hili la kwenye furushi."

Kicheko kikazagaa, majoho yakaanza kuvuka vichwa vya watu. Alinanuswe peke yake akagoma.

"Mimi hili silitoi. Linanifunika vizuri."

Aliyemtangulia daftarini alikuwa Osea. Akaja akasimama mbele yake, magoti nje. Alinanuswe akamtazama kutoka juu mpaka chini, akalivua.

Walipoanza kupasha sauti, Ketrina alikaa benchi la nyuma na kompyuta mapajani. Akairekebisha ile amri ianze kuhesabu kwenye mstari wa pili. Orodha ikatoka, Yesaya akiwa wa kwanza. Hata hivyo akaipitia yote kwa kidole, jina kwa jina, mpaka wenzake wa sauti ya kwanza walipomwita aje aimbe.