Kihispania cha Mashine ya Sabuni

Pale kwenye kiwanda cha sabuni palikuwa na fundi mmoja aliyejua Kihispania. Ndivyo alivyosema mwenyewe, na kwa kuwa hakukuwa na wa kumpima, akabaki kuwa bingwa. Chuo chake kilikuwa redio ndogo iliyofungwa kwa waya juu ya kabati la spana: miaka sita ya nyimbo za mapenzi za Amerika ya Kusini. Maneno aliyaandika kwenye karatasi za kufungia sabuni, maana yake akaitafuta katika kamusi iliyochakaa. Wenzake walimwita Korasoni, yaani moyo, kwa sababu ndilo neno lililomtoka zaidi.

Ubaya wa kufundishwa na waimbaji wale ni kwamba hakuna hata mmoja mwenye kazi. Wote wameachwa. Wanalia dirishani, wanaapa kufa, wanamwomba mtu arudi. Kukaza nati hawana habari nako. Kwa hiyo Korasoni alijua kusema "bila wewe mimi si kitu" kwa namna kumi na nne, lakini bisibisi hakujua inaitwaje.

Nafasi ya msimamizi wa karakana ilipotangazwa, cheo alichokitamani tangu aajiriwe, akajaza fomu: lugha ya kigeni, Kihispania, safi kabisa. Meneja akafurahi.

"Mashine ya kukata miche ya sabuni imegoma," akasema. "Mhandisi wa waliotuuzia anakuja Jumanne, na hajui lugha ila Kihispania. Utatutafsiria, halafu tuzungumze habari ya cheo."

Njia ya mwongo ni fupi, na hii iliishia Jumanne.

Mhandisi alikuwa mama wa makamo asiye na muda wa kupoteza. Akauliza jambo refu. Korasoni hakushika hata neno, ila alijua anaulizwa mgonjwa anaumwa wapi. Akayaonyesha mafuta yaliyovuja sakafuni.

"Analia," akasema kwa Kihispania. "Analia usiku na mchana."

Mama akainama, akakuta mpira wa kuzuia mafuta umekatika. Akauliza tena.

"Aliniacha alfajiri," Korasoni akaendelea, maana ndipo mashine ilipozimika. "Hakuniaga. Nikimgusa anatetemeka." Akaweka kiganja juu ya mota. "Moyo wake ni baridi."

Mama akamtazama kwa huruma, akafungua mota. Baada ya kazi ya saa tatu visu vilikuwa vinakata sabuni kana kwamba havikuwahi kugoma. Wakati wa kuagana alimshika Korasoni mikono yote miwili, akamwambia jambo polepole, macho yamemlowa.

"Milele," Korasoni akamjibu. Neno hilo alikuwa na uhakika nalo.

Wiki iliyofuata meneja akamwita ofisini na kumsomea ripoti, iliyotafsiriwa makao makuu: "Mashine imepona. Fundi wenu bado. Ameachwa na mkewe, na huzuni imemzidi hadi anachanganya habari za mke na za mashine. Msimwongezee majukumu. Mpeni likizo akaitengeneze nyumba yake."

"Pole sana, ndugu yangu," meneja akasema. "Kumbe ulikuwa unaumia peke yako. Cheo tumempa mwenzako wa stoo. Wewe pumzika wiki mbili."

Kukana kwamba ameachwa kulikuwa sawa na kukiri kwamba Kihispania hakijui. Korasoni akashukuru.

Mkewe, ambaye hakuwa amemwacha mtu, alikuwa nyumbani anaosha vyombo. Akashangaa kumwona mchana. Korasoni akamsimulia yote, maana hakukuwa tena na cha kuficha, na mkewe akacheka mpaka akakaa chini. Halafu kicheko kikakatika.

"Hebu niambie na mimi," akasema, "kama ulivyoiambia mashine."

Korasoni akakohoa, akaanza kwa Kihispania.

"Hapana, baba. Kwa lugha yetu."

Akafungua mdomo. Miaka kumi na moja ya ndoa, na hakupata hata neno la kuanzia. Hilo lilimuuma kuliko cheo. Mkewe alimngoja, sahani mkononi ikichuruzika maji, halafu akarudi kwenye vyombo vyake.