Besi ya Cak Muji

Mas Toro alivua viatu barazani kwetu, akaingia ameinama kidogo, akamsalimia mama yangu kwa adabu ya mtu aliyekuja kuposa.

"Bu, nimekuja kumwomba Wening," akasema. Kisha akaona jinsi mama alivyosimamisha cherehani na kumkazia macho, akaongeza upesi, "Kwa kazi, Bu. Kazi ya studio."

Mama akarudi kwenye kola aliyokuwa akiishona. "Kazi anayo. Anapiga gitaa harusini."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, napiga gitaa la besi kwenye bendi ya harusi hapa Surabaya, kila Jumamosi nyimbo zilezile, wageni wakila bila kututazama. Lakini Mas Toro alikuwa mpiga gitaa na kiongozi wa bendi ya Gludug, na Jawa Mashariki nzima hakukuwa na kijana asiyeijua Gludug. Walikuwa wametoka tu kwenye ziara ya miji kumi na mmoja. Kampuni moja ya sigara ndiyo iliyoidhamini, na kuta za mji zilijaa picha za mwimbaji wao, Cak Bagyo, yaani kaka Bagyo kwa lugha ya kwetu, nywele mabegani, sigara pembeni mwa mdomo.

Safari hiyo walirekodi maonyesho yenyewe. Nyuma ya kila jukwaa liliegeshwa lori lililofunikwa magodoro kwa ndani, na humo mashine ya kurekodi ilizunguka tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Albamu ya ziara ilitakiwa itoke kabla ya mwezi wa kufunga.

"Tatizo ni besi," Mas Toro akaniambia. "Nyimbo tatu Muji, mpiga besi wetu, amechelewa. Hapotezi mdundo, hapana, ila yuko nyuma kidogo wakati wote, kama mzee anayeburuta miguu. Halafu ana maneno mengi, kila nafasi anaijaza. Nataka uzipige upya studio, tuzibandike juu ya zake. Ziwe safi."

"Cak Muji mwenyewe anasemaje?"

"Nilimwambia hivyohivyo mbele ya wenzake. Akafunga gitaa lake, akaenda kwao Batu." Kisha akaongeza, "Jina lako litaandikwa kwenye kaseti, Ning. Na ziara ijayo tutahitaji mtu."

Mama hakuinua kichwa, lakini cherehani ilikuwa imenyamaza tena.

Fundi wa studio alikuwa Koh Siong, yaani kaka Siong kwa Wachina wa hapa, mtu wa miaka hamsini hivi, taulo shingoni siku zote. Yeye ndiye aliyekaa ndani ya lile lori miji yote kumi na mmoja. Nilipofika, kabla sijaketi, aliniuliza kama nimekula, akanisogezea wali na vipande vya tempe ya soya kwenye karatasi.

"Nasikia umetoka bendi ya harusi," akasema.

"Ndiyo, Koh."

"Vizuri. Umezoea kupiga huku watu wakitafuna. Basi mimi nitatafuna, wewe piga."

Wimbo wa kwanza niliumaliza kabla ya adhuhuri. Haukuwa mgumu, na Mas Toro alipopita kusikiliza alinipiga bega, akasema ndicho alichokuwa akikitaka, kisha akaondoka na pikipiki yake. Nilijiona nimekwisha fika.

Wa pili uliitwa "Mvua ya Wlingi". Ni wimbo mrefu, wa taratibu, na kwenye kiitikio sauti inapanda mpaka juu kabisa. Ulirekodiwa Tulungagung, uwanja wa mpira, watu elfu kadhaa. Niliupiga mara nne. Kila mara nilikuwa sawasawa na ngoma, na kila mara tulipousikiliza kuna kitu kilikataa. Ngoma nzuri, gitaa zuri, besi yangu nzuri, lakini Cak Bagyo alikuwa kama mtu anayekimbizwa. Alidandia maneno nyuma yetu. Mwishoni mwa mistari sauti yake ilikatika, pakabaki shimo.

"Alipokuwa na Muji hakuwa hivi," Koh Siong akasema, akijifuta shingo.

"Nisikilizishe wao wawili tu. Zima wengine."

Kwenye utepe ule kila chombo kilikuwa na njia yake. Koh Siong akashusha ngoma, akashusha gitaa, ikabaki besi ya Cak Muji na sauti ya Cak Bagyo. Nikavaa vipokea sauti.

Sijawahi kusikia watu wawili wakitembea vile. Besi ilisubiri. Ilisubiri kidogo tu, kiasi cha mtu kuvuta pumzi, kisha ikatua, na sauti ikatua nayo. Mstari ulipofika mwisho na Cak Bagyo akakosa neno la mwisho, vidole vya Cak Muji vilishuka noti nne, tano, vikalifunika lile pengo hata usijue kama kulikuwa na neno. Hayo ndiyo maneno mengi aliyokuwa akilaumiwa. Na katikati ya mistari, karibu kabisa na maikrofoni, nilisikia mluzi mwembamba, ukiingia na kutoka.

"Hiyo maikrofoni ilinisumbua ziara nzima," Koh Siong akasema. "Inapiga mluzi. Tangu Jember."

Mimi nimekua nikiusikia mluzi huo. Mama yangu ana pumu, vumbi la vitambaa humwamsha alfajiri. Ule haukuwa wa maikrofoni.

"Labda ni waya, Koh," nikasema. Sijui kwa nini nilidanganya. Niliona tu kwamba habari ile haikuwa yangu. Nikamwambia tumbo linaniuma, nitarudi kesho kutwa.

Kesho yake nilipanda treni ya asubuhi mpaka Malang, nikaendelea hadi Batu, juu kwenye mashamba ya matofaa. Nilimkuta Cak Muji bustanini, mtu mfupi, miwani minene, anang'oa majani ya mti mmoja baada ya mwingine na kuyaacha yaanguke. Nikajitambulisha.

"Aa, ndiye wewe," akasema bila kinyongo. "Shika mti ule. Huku hakuna baridi ya kuangusha majani, lazima tuyang'oe wenyewe, la sivyo mti hautoi maua. Ukiwa na la kuuliza, uliza huku mikono inafanya kazi."

Nikang'oa majani ya tawi la kwanza, la pili. "Cak, kwenye 'Mvua ya Wlingi' ulichelewa makusudi."

"Nani kasema?"

"Nimekisikia kifua cha Cak Bagyo."

Mikono yake ikasimama. "Nani mwingine kasikia?"

"Koh Siong anadhani ni maikrofoni mbovu."

Hapo alicheka, kisha cheko likaisha. Akaniambia yote, polepole, akiendelea na kazi. Ilianza Jember, vumbi la uwanja na moshi wa sigara za watu. Kabla ya wimbo wa mwisho alimkuta Cak Bagyo nyuma ya jukwaa, ameketi juu ya sanduku la spika, midomo imebadilika rangi. Ilikuwa pumu ya utotoni iliyorudi. Cak Bagyo alimwapisha asimwambie mtu.

"Picha yake iko kila ukuta, sigara mdomoni," Cak Muji akasema. "Utamwambia nani kwamba mwenye picha hiyo hawezi kukaa chumba kimoja na moshi? Wale mabwana wa sigara wangeondoka na fedha zao siku hiyohiyo, na bendi nzima ingelala barabarani. Basi nikamwambia, wewe niegemee mimi. Usiwasikilize wengine, nisikilize mimi, nitakungoja."

"Na Mas Toro alipokufokea?"

"Toro ana masikio mazuri, aliyosikia yalikuwa kweli. Nilikuwa nyuma." Akaling'oa jani nililoliacha. "Ila Bagyo alikuwepo. Nilimtazama. Akatazama viatu vyake. Hilo ndilo lililonirudisha huku, si maneno ya Toro."

Tulimaliza ule mti. Kisha akaniuliza nataka nini, maana sikuwa nimekuja kung'oa majani.

"Sijui, Cak. Nikipiga anavyotaka Mas Toro, Cak Bagyo anaumbuka. Nikipiga kama wewe, nakuibia."

"Basi rudi harusini. Kule hakuna anayesikiliza." Alipoona sicheki, akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Kiapo ni changu mimi, Ning. Wewe hukuapa. Lakini usianzie kwa Toro. Anza na Bagyo mwenyewe."

Nilimwomba Koh Siong anitengenezee kaseti, upande mmoja "Mvua ya Wlingi" yenye besi yangu, upande wa pili yenye besi ya Cak Muji. Mchana wa siku ya tatu nilikwenda nayo kwa Cak Bagyo. Mkewe, Mbak Lilik, aliuza rawon, mchuzi mweusi wa nyama, mbele ya nyumba, na Cak Bagyo mwenyewe alikuwa ameketi benchi la wateja, fulana nyeupe, nywele zimefungwa kwa mpira, akimenya vitunguu. Kama hukuzoea picha zake usingemtambua.

"Mpiga besi wetu mpya," akasema. "Keti. Lilik, mpe na yai la chumvi huyu."

Nikaweka kaseti kwenye redio ya mezani. Alisikiliza upande wa kwanza kisu kikiwa hewani. Nikageuza. Alisikiliza wa pili hadi mwisho, mpaka makofi ya Tulungagung yakaisha na redio ikabaki inakwaruza.

"Upande ule mimi ni kuku anayefukuzwa," akasema.

"Nilikwenda Batu, Cak."

Alikata kitunguu kimoja chote kabla ya kunijibu. "Alikwambia nilivyofanya siku ile?"

"Alinambia ulitazama viatu."

Macho yake yalikuwa yamelowa, na vitunguu vilikuwepo pale mbele yake, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kusema neno. Ni Mbak Lilik aliyesema, kutoka kwenye sufuria, bila kugeuka: "Mimi nimesema mpaka mdomo umechoka. Mwambie Toro leo, au kesho nitakwenda kumwambia mwenyewe, na aproni yangu hii."

Cak Bagyo akavaa shati, tukaenda.

Studio walikuwepo Mas Toro na Koh Siong. Cak Bagyo hakuketi. Alisimama karibu na mlango, akasema kwa maneno machache kwamba ana pumu, kwamba ilimrudia Jember, kwamba Muji alikuwa akichelewa kwa ajili yake, na kwamba siku Muji alipofokewa yeye alinyamaza kwa kuogopa. Koh Siong akajipiga paji la uso. "Na mimi nimebadilisha maikrofoni tatu," akasema.

Mas Toro alimwomba Koh Siong azime vyombo vyote isipokuwa besi na sauti. Akasikiliza. Akaomba irudiwe. Mara ya pili aliinama, viganja usoni.

"Kwa nini hakunambia?"

"Nilimwapisha."

"Nami nikamwita mzee anayeburuta miguu." Kisha akanigeukia mimi, na niliona alikuwa ameshaamua lakini anaona haya. "Ning, ulipiga vizuri. Kweli kabisa. Sijui nikwambie nini."

"Futa yangu," nikasema. "Hata ule wa kwanza."

Ilinitoka vizuri, kama mtu asiyejali. Kisha nikaenda chooni, nikafungua bomba, nikalia. Nilikuwa nimeshawaambia majirani.

Jumapili ile walikwenda Batu, Koh Siong akiendesha. Yeye ndiye aliyenisimulia. Cak Muji aliwapa kila mmoja mti wake, wakang'oa majani tangu saa tatu hadi mchana, na Mas Toro ambaye hajawahi kulima hata chungu cha maua alipata malengelenge. Aliomba radhi katikati ya mti wa nne. Cak Bagyo alikuwa ameshaomba yake kule chini barabarani, wawili peke yao, na walilozungumza halijulikani. Kurudi kwenye bendi Cak Muji alikataa. Alisema magoti yamechoka kusimama, na matofaa hayafanyi ziara. Alikubali jina na picha yake viwe kwenye kaseti, picha akiwa amevaa miwani, si kama Mas Toro alivyopenda.

Albamu ilitoka wiki moja kabla ya mfungo. Iliuzwa vizuri Malang na Kediri, wastani kwingineko. Mwandishi mmoja wa gazeti alisema besi ya "Mvua ya Wlingi" ndiyo moyo wa albamu nzima, na Koh Siong alikata kile kipande akakibandika juu ya mlango wa choo, mahali pekee, alisema, ambapo kila mwanamuziki husoma.

Wale wa sigara Cak Bagyo aliwaambia mwenyewe. Hawakugomba. Waliagana naye kwa heshima, na ndani ya mwezi kuta za mji zikawa na picha ya mwendesha pikipiki. Ziara iliyofuata ikawa miji mitano tu, kwenye kumbi, si viwanjani, na mlangoni palikaa mtu wa kuwaomba wavutaji wamalize nje. Wengi walinung'unika, wachache walirudi nyumbani.

Mimi nilikuwa jukwaani, mahali pa Cak Muji. Miezi miwili nilifanya mazoezi na Cak Bagyo peke yetu, kwenye benchi la rawon, nijifunze anavuta pumzi wapi. Blitar, usiku wa kwanza, nilidhani nimeshajua. Katikati ya wimbo akaacha kuimba kabisa. Hakunitazama mimi, aliwatazama watu. Akainua mkono.

"Ngojeni kidogo," akawaambia. "Nina pumu."

Akaketi ukingoni mwa jukwaa, akanywa maji, akavuta dawa yake mbele ya ukumbi mzima. Mpiga ngoma alishusha vijiti. Mimi niliendelea na noti mbili, moja chini, moja juu, polepole. Watu mia nne wakakaa kimya, wengine wakaketi sakafuni, wakamngoja.