Mtani wa Padre Kasimiri

Habari zilimkuta Marcelina nje ya kanisa, baada ya misa ya kwanza. Katekista Luhende alimshika mkono akamwambia, "Pole, mama. Baba Askofu alitaka kumpeleka mwanao Roma akasomee udaktari wa teolojia. Padre kakataa. Anasema mama yake mjane, hana mtu."

Marcelina aliitikia, "Ahsante," akashika njia ya kwake Cheyo. Hana mtu? Na Eustadia binti yake anayekaa naye nyumba moja, na wajukuu, ni nani? Tena hakuna aliyemuuliza. Jina lake limepelekwa kwa Askofu kufunika jambo asilolijua, na siku ya Pentekoste ikipita, nafasi ile itakwenda jimbo jingine.

Kumuuliza Kasimiri mwenyewe hakuthubutu. Tangu apewe upadre, yeye mama mtu ndiye humpigia magoti aombe baraka. Mtu unayempigia magoti utamwambiaje kuwa ni mwongo?

Basi akaenda Mtendeni kwa Bi Tatu, muuza vitumbua, Mwislamu wa Kizaramo. Wazaramo na Wanyamwezi, kabila la Marcelina, ni watani tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu. Mtani hata akikutukana msibani humkasirikii. Ukikasirika, kosa ni lako.

"Nataka uje unisemee na Padre," alisema Marcelina baada ya kumweleza yote.

"Huyo mtumwa wangu? Mwambie Selemani jirani yako achinje kuku nisije nikala haramu, nitakuja."

Padre alipofika kula kwa mama yake, kwa baiskeli kutoka seminari anakofundisha, alimkuta Tatu amekalia kiti chake.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba, mbeba mizigo wangu."

Chakula kilipotengwa, Tatu akachota firigisi akaitia kinywani.

"Hii huliwa na mwanamume wa nyumba," alisema akitafuna, "na hapa simwoni. Babu zako walikuja kwetu pwani kwa miguu, jino la tembo begani, simba njiani. Wewe unapewa treni na meli, unajificha ndani ya kanga ya mama yako! Na mama mwenyewe ana nguvu kuliko punda wa Igunga."

Padre akacheka. Kwa mtani utafanyaje?

"Cheka, cheka. Meno nayaona. Sababu siioni."

Eustadia aliinamia bakuli lake. Padre akaacha kucheka, akanawa mkono ingawa hakuwa ameshiba. Alipoanza kusema alimtazama mama yake, hakumtazama Tatu.

"Kule nilikosoma mwanzo tulihojiwa kwa Kilatini, maprofesa wamekaa mezani. Swali nililijua, mama, na jibu nililijua. Nikanyamaza mpaka kengele ikalia. Nilirudia nikapita. Lakini udaktari unaandika kitabu kizima, halafu unasimama ukumbini kukitetea, watu wamejaa, kila mwenye shaka anakuuliza. Nikinyamaza pale hawatasema Kasimiri kanyamaza. Watasema Mwafrika ndivyo alivyo."

Marcelina alikunja kitambaa cha mkono, akakikunjua.

"Basi kamwambie Baba Askofu hivyo hivyo. Akikuacha, akuache kwa hilo. Mimi nitoe humo, Padre. Sijakuzuia."

"Ataniona mwoga."

"Kwani si kweli?"

Tatu alijipiga paja. "Loo! Na huyu naye kawa mtani!"

Padre alikwenda kwa Askofu jioni ile ile. Walichoongea hakukisema nyumbani, na Marcelina hakuuliza.

Siku ya Pentekoste, baada ya mahubiri, Padre aliwatangazia waumini kwamba atakwenda Roma mavuno yakiisha, na kwamba anaogopa, wamwombee. Watu waligeukiana. Padre kuogopa halikuwa jambo la kusikika altareni. Misa ilipokwisha wengi walikuwa wamekwisha simama. Marcelina akabaki kwenye benchi lake, akatoa rozari, akaianza kwa sauti. Walioelekea mlangoni walirudi wakaitikia.