Jumanne ya Fidencio

Siku ya kwenda kumchagua mpiga picha wa harusi yake, Nereida na mama yake, Hermelinda, walivaa viatu vya kanisani, wakafunga duka lao la nyuzi na vifungo, wakaanza kuzunguka studio za mjini. Mpiga picha wa kwanza alikuwa na kamera inayoruka kama nzi, akawaonyesha bwana harusi wa watu akiwa mdogo kama punje ya maharagwe. Wa pili alitaka maharusi na wazazi wote waruke juu kwa pamoja, na Hermelinda, ambaye magoti yake ni mabovu, akamshukuru na kutoka. Wa mwisho alikuwa Bi Obdulia Zamarripa, ambaye hupiga picha za watu wasiokuwepo.

Si wafu. Wafu wana siku yao mwezi wa Novemba na hawahitaji mpiga picha. Bi Obdulia huwapiga walio hai walioko ng'ambo, wale waliovuka mpaka wa Mexico na Marekani bila karatasi, ambao wakirudi nyumbani kusalimia hawataruhusiwa kuvuka tena. Wanaosema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani hawakuwahi kukosa karatasi. Unamwachia mtu wako nafasi kwenye mstari, Bi Obdulia anabonyeza, na filamu ikisafishwa mtu huyo anaonekana amesimama hapo. Mji mzima unamjua kwa kazi hiyo, na lalamiko kubwa juu yake ni kwamba hakawii kufoka.

Fidencio, babake Nereida, aliondoka binti yake akiwa bado na meno ya utoto. Anaosha vyombo katika mkahawa mmoja wa New York. Kila Jumapili hupiga simu wakati wa mapumziko, na anajua jina la kila mwalimu aliyemfundisha Nereida na kila homa iliyowahi kumlaza. Lakini hawakuwa na picha hata moja waliyopiga pamoja tangu binti alipokuwa akimfikia kiunoni. Nereida alitaka hiyo tu. Keki ilikuwa na msimamizi wake, pete zilikuwa na wake, maana kwao kila kitu cha harusi kina mtu wa kukisimamia, hata mto wa kupigia magoti. Picha na baba yake aliamua kuisimamia mwenyewe.

Bi Obdulia aliuliza urefu wa Fidencio. Hermelinda akasema alikuwa akimzidi kwa kichwa kizima.

"Alikuwa," Bi Obdulia akasema. "Watu hupungua kule. Sasa nisikilizeni, maana baadaye sitaki kulaumiwa. Mimi nawachukua kama ninavyowakuta, sifuti kitu wala sipaki rangi. Kijana wa akina Ocampo alitoka na chupi kwenye harusi ya dada yake, kwa sababu anafanya kazi usiku, na mchana analala. Mjomba wa Tecla alitoka ameinama mbele ya altare, watu wakamsifu kwa uchaji. Alikuwa anachuma stroberi. Kwa hiyo niambie, mama, mumeo ana mapumziko siku gani?"

"Jumanne," Hermelinda akasema, na wanawake wote watatu wakafanya ishara ya msalaba.

Pale kwao husemwa hivi: Jumanne usioe wala usipande chombo. Mji hauna bahari wala ziwa, lakini methali haikuuliza. Harusi ni Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku ambayo watu wa kule hutoka kwenda kula, vyombo vikapanda hadi kumfika Fidencio kifuani.

Bi Socorro, mama wa bwana harusi, aliposikia habari ya Jumanne aliweka kikombe chini. Alisema hana neno na Fidencio, mtu mwema, lakini binamu yake aliolewa Jumanne, na kabla ya Krismasi mume alikwenda kununua sigara na hadi leo duka hilo hajalipata. Bwana harusi mwenyewe, Wilibaldo, fundi wa matairi, alisema yeye yuko tayari hata Ijumaa Kuu. Mama yake akamwambia anyamaze, kuziba pancha si kusoma dini.

"Mama mkwe," Nereida akasema kwa upole, "siku nyingine zote za wiki nimemkosa. Jumanne ndiyo anayo. Nipe hiyo, na mikosi yake nitaibeba mimi."

Bi Socorro alimtazama, akajifuta macho kwa pembe ya kitambaa cha meza. Akasema haya, lakini yeye atakuja amevaa medali zake zote za watakatifu. Padri hakuwa na pingamizi, kwa kuwa Jumanne hakuwa na kazi nyingine.

Ng'ambo, Fidencio alinunua suti ya kijivu na kutuma picha yake ikiwa imetundikwa mlangoni. Aliuliza kama anyoe masharubu. Hermelinda akamwambia asithubutu. Mpango ulikuwa kwamba Jumanne hiyo avae tangu asubuhi, asimame wima katikati ya chumba chake, asubiri. Bi Obdulia alimpelekea ujumbe asisimame karibu na kabati, kwa sababu kabati nalo litakuja.

Siku ilipofika, Bi Obdulia aliwapanga kwenye ngazi za kanisa kwa ukali wake wa kawaida. Kati ya bibi harusi na Hermelinda aliacha nafasi ya upana wa mtu. Mbwa alikuja akalala hapo, akafukuzwa. Msimamizi wa keki, mama mnene mwenye furaha nyingi, alizidi kuegemea upande ule, mpaka Bi Obdulia akamwambia, "Mama wa keki, unamkanyaga mwenzio." Mama wa keki akaiomba radhi hewa, akasogea. Hermelinda aliinua mkono akaiweka sawa kola ya hewa hiyo, kisha akatazama mbele.

Baada ya bata mzinga na mchuzi mzito wa mole, ikaja dansi ya baba na binti. Nereida aliingia peke yake katikati ya ukumbi, akainua mikono kwa kimo ambacho Bi Obdulia alimwonyesha, akazunguka. Wapiga muziki walipunguza mwendo, kwa sababu wote walikumbuka kuwa Fidencio hakuwahi kujua kucheza. Alipomaliza, gauni lilikuwa na doa la maji kiunoni, na watu wakadhani ni kinywaji cha mtu.

Picha zilipokuwa tayari, Bi Obdulia aliwaletea mwenyewe na kuzitandaza mezani. Fidencio alikuwamo katika zote. Alikuwa amepungua kweli. Alivaa glavu za manjano hadi viwikoni na aproni ya plastiki iliyokuwa ikichuruzika maji juu ya ngazi za kanisa, na kwapani alibana sahani. Juu ya aproni ilionekana tai, imefungwa vizuri. Hermelinda alimpapasa masharubu kwa ncha ya kidole, akasema, "Huyu ndiye." Katika picha ya dansi mkono mmoja ulikuwa kiunoni mwa binti yake, pale penye doa, na mwingine umeinua sahani juu, mbali, isije ikachafua gauni. Gauni lilipotolewa kabatini lilinuka sabuni ya ndimu. Hermelinda akakataza lisifuliwe.

Nereida aliuliza mbona katika kila picha baba anatazama pembeni.

"Wanaotazama kamera ni wale waliopewa ruhusa," Bi Obdulia akasema, na kwa mara ya kwanza hakufoka.

Jumapili Fidencio alipiga simu akaeleza. Meneja alikuwa amewaambia kwamba Jumanne hiyo mkahawa umekodiwa kwa sherehe. Fidencio akasema ana harusi ya mwanawe. Meneja akauliza harusi iko wapi, naye akajibu iko Mexico. Meneja akasema basi hatachelewa kazini, maana haendi. Sherehe yenyewe ilikuwa harusi. Watu wa kule hawana methali juu ya Jumanne. Alikuwa karoni, akasikia harufu ya mole, mkono wa kushoto ukapata joto. Baadaye mwenzake alimtoa punje za mchele ambao maharusi hurushiwa kanisani, zimemganda shingoni, na meneja akamwamuru aoshe upya sahani zote, kwa kuwa nyingine zilikuwa na mchele.

"Na mimi nimetokaje, binti yangu?" akauliza.

"Umependeza, baba. Tai imekaa sawasawa."

"Nilikuwa natazama kamera?"

Nereida alikuwa ameishika picha ya dansi. Kichwa cha baba yake kilikuwa kimegeukia mlango ambao katika ukumbi ule haukuwepo. Alimpenda kuliko alivyojua kusema.

"Hapana," akasema. "Ulikuwa unanitazama mimi."

Fidencio alipenga kamasi, akasema hivyo ndivyo alivyokusudia, hata kama Bi Obdulia atakasirika. Kisha akasema lazima akate simu, wanamwita.