Dubu Hajui Hesabu

Baba yangu alinifundisha uongo mmoja tu, nao ni wa kumdanganya dubu. Mnaingia msituni wawili, kwa kelele, mmebeba ndoo. Mmoja anapanda dungu, jukwaa la kuvizia lililofungwa juu mtini, na kunyamaza. Mwingine anamimina chambo pipani, anagonga kifuniko, kisha anarudi kwa njia ileile akiimba, ili dubu asikie kwamba watu wameondoka. Dubu hajui hesabu, Baba alikuwa akisema. Akisikia nyayo zinakwenda, kwake watu wamekwisha.

Mimi ndiye niliyekuwa wa kuondoka. Tangu nina miaka kumi na miwili mpaka nikafika hamsini na sita, kazi yangu katika uwindaji wa ukoo wetu, akina Daigle, ilikuwa kwenda zangu. Niliimba mdomo umefungwa, wimbo usio na maneno niliouokota kwa marehemu mama akiwa jikoni anakoroga unga wa ploye, zile chapati ambazo zisipokuwa mezani kwetu hakuna aliyekula. Sina sauti nzuri. Dubu hawajawahi kulalamika.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa mwaka wa kura. Watu wa kusini, wa Portland na miji ya pwani, walikuwa wamekusanya saini ili jimbo zima la Maine, huku kwetu Marekani, liamue mwezi Novemba kama kuwinda dubu kwa chambo kupigwe marufuku. Kura ilivyokwenda kaulizeni kwingine. Mimi nina habari ya jioni tano tu.

Mwezi Julai, viazi vikiwa kwenye maua, walitutumia dada mmoja aitwaye Hester azungumze nasi katika ukumbi wa kanisa. Alikuwa mpole, na viatu vyake havijawahi kuonana na matope.

"Mnawalisha mwezi mzima," akasema, "halafu mnawapiga risasi wakiwa mezani. Huo ndio uwindaji?"

Binamu yangu Armand, mwenye kiwanda cha mbao, akasimama. "Dada, njoo uuone msitu wenyewe. Ule mnene! Bila chambo dubu utamwonea wapi? Hatua kumi tu humwoni hata mumeo."

"Sina mume."

"Basi huenda yumo humo. Hujamwona tu."

Ukumbi ukaangua kicheko, na Hester naye akacheka, nikampenda kwa hilo. Kisha akauliza polepole: "Na mnyama anayelishwa na mtu, si atamzoea mtu?"

Hapo nikainuka mimi. Nikamwambia nimewapelekea chakula miaka arobaini na minne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunijua. "Wanakuja kwa pipa," nikasema, "hawaji kwa mtu." Nilipigiwa makofi mpaka masikio yakaniwasha. Baba ndiye aliyepiga mengi kuliko wote, hadi kikohozi kikamkalisha chini.

Kikohozi hicho kilikuwa kimeshapewa hukumu. Daktari alisema mapafu ya Baba hayataiona theluji ya mwaka huo ikiyeyuka. Baba alimsikiliza, akamshukuru, na tulipofika kwenye gari akaniambia, "Nataka dubu mmoja, Noela. Wa mwisho. Nampiga mwenyewe, kwenye pipa langu mwenyewe. Kabla hawajatunyang'anya, au kabla sijaondoka, lolote litakalotangulia."

Na alimjua ni yupi. Picha ya kamera tuliyoifunga mtini ilionyesha dume kubwa lenye baka jeupe kifuani. Baba aliitazama picha ile kama watu wanavyotazama picha ya harusi. Sikumwambia kwamba mimi nilikuwa namjua dume huyo kwa kiangazi cha tatu sasa, kwamba nilishamwona mchana kweupe, amekaa kando ya msonobari ananingoja nimalize kumimina. Sikumwambia kwamba donati zenye jamu ndani, zilizobaki kwenye duka la mikate, nilikuwa naziweka juu kabisa ya pipa ili azipate yeye wa kwanza. Baba alikuwa na sheria: ukimpa jina umemzaa. Kwa hiyo sikumpa jina. Nilimwita Bwana tu, nikajiambia hilo si jina.

Nilitaka Baba ampate. Nilitaka asimpate. Vyote viwili nilivitaka kwa moyo mmoja, na usiku nililala navyo kama mtu aliyelala katikati ya watoto wawili wanaogombania blanketi.

Msimu ulifunguliwa Jumatatu ya mwisho ya Agosti. Jioni ya kwanza Baba alipanda ngazi ya dungu akipumzika kila kidato. Nikamimina, nikagonga kifuniko, nikaondoka naimba. Giza lilipokaribia, saa ya kuwinda ikiwa imekwisha, nikarudi kumchukua. Hakuna kilichokuja. Jioni ya pili, hakuna. Ya tatu, hakuna. Lakini kila asubuhi pipa lilikuwa tupu, limelambwa.

"Ananikataa," Baba alisema jioni ya nne, ameketi kidato cha chini, uso umemshuka.

"Hakukatai, Baba. Matunda ni mengi mwaka huu. Ameshiba."

"Ameshiba wapi, na pipa analimaliza? Au naye anangoja kura?"

Nilicheka, naye akajaribu kucheka, kikohozi kikamkatiza. Nilimshika mkono hadi barabarani. Mkono wake ulikuwa mwepesi mno.

Sasa niseme jambo ambalo sikumwambia mtu. Katika safari zile za kuondoka, jioni zile nne, nilikuwa sitembei peke yangu. Mwanga wa Agosti ulilala chini ya miti, wa rangi ya chai, na mikono yangu ilinuka sukari iliyoungua na mafuta ya kukaangia. Niliimba, na kuvumwani laini iliyotanda chini ilimeza nyayo zangu hadi nikahisi siendi, njia ndiyo inayopita chini yangu. Na nyuma yangu kulikuwa na mtu. Nilimsikia akivuta pumzi. Nilimsikia akikanyaga pale nilipokanyaga. Nilijua ni mama. Sikushangaa wala sikuogopa. Niliona ni haki yake, maana Baba anakaribia kumfuata na lazima aje kuangalia tunaendeleaje. Sikugeuka, nisije nikamfukuza. Nilimwimbia wimbo wake mpaka barabarani, na kila jioni nilifika nimetulia kama niliyelala usingizi mzuri.

Jioni ya tano, kwenye kona ambapo njia inateremkia kijito, kamba ya kiatu ilifunguka. Nikasimama, nikanyamaza. Nyayo za nyuma zilipiga hatua mbili zaidi, ndipo nazo zikasimama. Mama alikuwa mwepesi kuliko hivyo.

Nikageuka. Bwana alikuwa hatua sita kutoka kwangu, na baka lake jeupe, na pua yake ya kahawia ikipanda na kushuka. Aliketi kwenye njia kama mbwa wa nyumbani. Ndoo tupu hakuiangalia. Aliangalia uso wangu. Nikaimba kidogo, basi tu nione: akainuka, akasogea. Nikanyamaza: akaketi.

Nikaelewa kwa nini dungu la Baba lilikuwa halipati mgeni. Alinisindikiza kila jioni, kisha akarudi kula gizani, baada ya sisi kwenda. Wimbo wa kumwambia watu wameondoka, yeye aliusikia kama mwito. Kwake, pipa lilikuwa mimi.

Nilifurahi. Nisiseme uongo, nilifurahi. Miaka yote ile nilikuwa mtu wa kuondoka, na kumbe kuna aliyekuwa ananifuata.

Halafu hofu ikaja. Dubu anayemfuata mtu mmoja atawafuata na wengine. Atawafuata watoto hadi kituo cha basi la shule. Atasimama dirishani kwa Armand, na Armand hakosi shabaha. Hapo nilimwelewa Hester, na niliona aibu. Njia ilikuwa moja tu: anichukie. Nikaigonga ndoo kwa jiwe na kupayuka.

"Toka! Toka hapa, mwizi we! Nani kakwambia mimi mamako? Sikutaki! Nenda!"

Aligeuza kichwa upande, kama asiyesikia vizuri. Nikamrushia ndoo, ikamkosa. Nikaokota jiwe, nikalenga, na jiwe likampiga puani. Alitoa sauti ndogo, ndogo sana kwa mwili ule, akaruka, akageuka na kukimbia. Nililia huku nikimtukana. Kimbia, nikasema. Kimbia usirudi tena kwa mtu yeyote. Nilijiona nimemwokoa.

Ndipo nilipoona anakimbilia wapi. Alikuwa amerudi na njia ileile tuliyoijia, njia anayoijua, inayokwenda pipani.

Dungu halikuwa mbali. Ningepiga ukelele mmoja zaidi, Baba angeinua kichwa, angeteremsha bunduki, angedhani nimeumia. Nilifungua mdomo. Nikamwona Baba akishuka ngazi mikono mitupu kwa mara ya tano, akipumzika kila kidato. Nikaufunga.

Risasi ilikuwa moja.

Nilipofika, Baba alikuwa ameshashuka, sijui kwa pumzi gani, amepiga magoti kando ya Bwana na kuweka kiganja kwenye manyoya. Uso wake ulikuwa umerudi ujanani.

"Noela! Umemwona? Alikuja mbio! Miaka sitini, sijaona dubu akija mbio hivi!"

"Nimemwona, Baba."

"Nilikusikia ukipayuka huko chini. Ulianguka?"

"Niliteleza kijitoni."

"Hujaumia?"

"Sijaumia."

Akaniambia nipige magoti nimguse, tumshukuru, kama tulivyozoea. Nikaweka mkono kwenye baka jeupe. Lilikuwa na joto, na chini ya joto hilo palikuwa kimya. Sikuwa nimewahi kumgusa.

"Ajabu moja," Baba akasema. "Hata chambo hakuonja. Alilipita pipa, akaja hadi hapa chini ya ngazi, akasimama. Halafu akageuka kuangalia njia aliyotokea. Akakaa vile kitambo, kama anamsubiri mtu. Ndiyo nikapata nafasi."

Kisha machozi yakamtoka, akilia na kucheka kwa pamoja, mzee wa miaka sabini na tisa aliyepata alichokitaka. Nikamkumbatia nikalia naye, na Baba akanipigapiga mgongoni, akidhani tunalilia jambo moja.